Franchaizi ya usafi Georgia: mkataba unanifunga miaka 3 baada ya kuondoka. Hakimu huufuta au huupunguza?

MamaNeema_Marietta

Habari zenu jamani. Naomba anayejua mambo ya mikataba ya Marekani anisaidie, hasa mlioko Georgia.

Mwaka 2021 nilinunua franchaizi ya usafi wa maofisi hapa Marietta, kaunti ya Cobb. Kampuni sitaitaja. Wanaofanya kazi hii wanajua inavyokwenda: kampuni ndiyo inayomtafuta mteja, ndiyo inayosaini naye, ndiyo inayompelekea ankara. Mimi nimenunua haki ya kumhudumia. Pesa inapita kwao kwanza, kinachosalia ndicho kinachonifikia. Karatasi ya mwezi uliopita iko hapa mbele yangu: juu jumla ya kazi zote, halafu makato yanashuka mstari kwa mstari. Asilimia 10 ya kutumia jina lao. Ada ya ofisi. Bima. Ada ya kuletewa mteja. Rejesho la mkopo walionikopesha wao wenyewe ili ninunue franchaizi yao. Kodi ya mashine ya kung'arisha sakafu. Chini kabisa ndipo ulipo mshahara wangu, wa wifi yangu na wa vijana wawili tunaoingia nao kazini saa mbili usiku.

Mkataba ni wa miaka 5 na unaisha mwaka huu. Sitaki kuurefusha. Mimi na wifi tunataka kuandikisha kampuni yetu. Daktari wa meno ninayemsafishia kliniki kule Kennesaw ameshaniambia kwa mdomo wake kwamba nikiondoka naye anaondoka.

Kinachonipa tumbo joto ni kifungu cha kutoshindana. Nakitafsiri kama kilivyo:

"Kwa muda wa miaka 3 baada ya mkataba huu kumalizika kwa sababu yoyote ile, mwenye franchaizi hatafanya, hatamiliki, hatafadhili wala hataajiriwa katika biashara ya usafi ya aina yoyote (a) ndani ya kaunti za Cobb na Cherokee, au (b) ndani ya maili 50 kutoka ofisi yoyote ya kampuni au eneo la mwenye franchaizi mwingine yeyote popote Marekani."

Kipo kingine: kwa miaka 5 nisimhudumie mteja yeyote niliyewahi kumhudumia chini ya jina lao. Kingine kinasema mume wangu na jamaa zangu wa karibu nao wamefungwa. Na mwishoni: sheria itakayotumika ni ya Texas, na mahakama ikiona kifungu kimezidi, ikipunguze mpaka kikubalike.

Wakili mmoja niliyempigia simu aliniambia harakaharaka kwamba sehemu (b) haisimami. Mhasibu wangu anasema kisiposimama kipande kimoja vimeanguka vyote, niende zangu. Shemeji anasema nisithubutu. Nimsikilize nani? Nina mkopo wa nyumba na nilisaini dhamana binafsi, kwa hiyo nikikosea hapa nyumba nayo iko hatarini.

Juma_DFW

Pole sana dada. Lakini mbona hayo mambo yalishaisha? Serikali ya shirikisho, wale FTC (tume ya biashara ya shirikisho), walipiga marufuku vifungu vya kutoshindana nchi nzima mwaka 2024. Mimi niko Dallas, kazini kwetu tulitangaziwa kabisa. Fungua kampuni yako. Wakikusumbua, waonyeshe hiyo kanuni.

BiSaumu_Decatur

Mama Neema, pole na mzigo huo. Na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuondoka, maana wengi huja kuuliza wakiwa tayari na karatasi za mahakama mkononi.

Kaka Juma, ahsante kwa nia njema, ila mtu asije akaumia kwa habari hiyo. FTC walitoa kanuni Aprili 2024, kweli. Tarehe 20 Agosti 2024, kabla haijaanza kutumika, jaji wa shirikisho hapo hapo kwenu Dallas aliibatilisha kwa nchi nzima, na Septemba 2025 FTC wenyewe wakaachana na rufaa. Na hata kama ingekuwa hai isingemsaidia huyu dada: ilikuwa ya wafanyakazi, na uhusiano wa kampuni na mnunuzi wa franchaizi uliwekwa nje kwa maandishi.

Mimi si wakili. Nimefanya kazi muda mrefu katika ofisi ya mawakili hapa Decatur, na kazi yangu ni kuwasomea wenye biashara ndogo mikataba yao kabla hawajaonana na wakili. Watu wetu wa nyumbani wanakuja wengi: usafi, kulea wazee majumbani, usafirishaji wa vifurushi. Kwa hiyo nitakueleza ninavyoona, halafu wakili athibitishe.

Mhasibu wako anasema jambo lililokuwa kweli zamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Georgia iliamua kesi ya Rita Personnel, na ilikuwa kesi ya franchaizi hasa, ya uwakala wa kutafutia watu ajira. Mahakama iliombwa ikate maneno yaliyozidi na kubakiza mengine, jambo ambalo mawakili huliita kupitisha penseli ya buluu. Ikakataa. Sababu iliyotolewa mimi naiunga mkono mpaka leo: kampuni ikishajua kwamba hakimu ataipunguzia tu, itaandika kifungu cha kutisha kwa makusudi, kwa kuwa haina cha kupoteza. Wengi watakisoma, wataogopa na kukaa kimya nyumbani. Ni yule mmoja mwenye uwezo wa kuweka wakili ndiye atakayepunguziwa. Kwa karibu miaka 40 msimamo ukawa huo, kwamba kipande kimoja kikioza kifungu kizima kinatupwa, na kampuni zikalazimika kuandika kwa kiasi.

Hayo yalibadilika. Novemba 2010 wapiga kura wa Georgia walipitisha mabadiliko ya katiba ya jimbo, na sheria mpya ikaanza kutumika tarehe 11 Mei 2011. Mkataba wa kabla ya tarehe hiyo unahukumiwa kwa msimamo wa zamani. Wako ni wa 2021, umeingia katika sheria mpya, na sheria hiyo inataja franchaizi kwa jina. Inasema hakimu akikuta kifungu kimezidi, *anaweza* kukirekebisha, alimradi asikifanye kiwe kikali kuliko kilivyoandikwa. Angalia vizuri hilo neno "anaweza". Halimlazimishi. Ana ruhusa ya kupunguza, na ana ruhusa ya kukataa na kukiacha kianguke. Usijenge biashara juu ya matumaini kwamba wako atakuwa yule wa kukataa.

Kuhusu muda: kwa mnunuzi wa franchaizi, sheria inachukulia kwamba miaka 3 au pungufu ni muda wa haki, na zaidi ya miaka 3 si wa haki. Mfanyakazi wa kawaida yeye anapimwa kwa miaka 2. Anayeuza biashara yake anapimwa kwa miaka 5, au kwa muda anaoendelea kulipwa bei ya mauzo kama ni mrefu zaidi. Nadhani umeshaona kwa nini waliandika 3 kwako. Haikuandikwa kwa kubahatisha.

Sasa chukua kalamu ya risasi na ile nakala yako, tufanye kama hakimu angefanya.

Sehemu (b), maili 50 kutoka kwa mwenye franchaizi mwingine yeyote popote Marekani. Hiyo inakufukuza mpaka Phoenix kule Arizona, mahali ambapo hukuwahi kushika hata fagio. Wakili aliyekwambia haisimami yuko sahihi. Lakini tazama ilivyoandikwa: imetanguliwa na "au". Piga mstari juu ya maneno kuanzia "au (b)" hadi mwisho. Umeona? Sentensi iliyobaki imekamilika na inasomeka: miaka 3, Cobb na Cherokee. Hakimu hana haja ya kuandika neno lolote jipya. Walioandika walitenganisha (a) na (b) ili sehemu moja ikikatwa nyingine ibaki hai.

Kifungu cha wateja, miaka 5, ni tofauti. Muda umezidi mitatu, kwa hiyo kinaanza kikiwa na kasoro. Lakini ukiifuta ile "5", hakuna muda unaobaki. Ili kiwe cha miaka 3 hakimu lazima aandike "3" kwa mkono wake mwenyewe. Hapa ndipo mawakili wa Georgia wanapovutana. Sheria inasema kurekebisha ni kukata sehemu iliyozidi, na pia ni kukitekeleza kifungu kwa kiwango ambacho ni cha haki. Upande mmoja unayasoma maneno ya pili kuwa ruhusa ya kushusha 5 iwe 3. Upande mwingine unasema ruhusa ni ya kukata, si ya kuandika upya. Mwaka 2016 mahakama ya shirikisho hapa Atlanta, katika kesi ya LifeBrite, ilikataa kukijazia kifungu eneo ambalo halikuandikwa, ikisema kazi yake si kutunga mkataba. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Georgia, katika kesi ya Belt Power, nayo iliegemea kwenye kukata. Huo ni upenyo wa kweli kwako, na wakili wako autumie. Lakini ni upenyo wa hoja ya mahakamani, na hoja ya mahakamani inagharimu.

Kwa hiyo kazi yako leo, Mama Neema, ni kujua kipi kitabaki baada ya kukatwa. Kwenye mkataba wako kinachobaki ni Cobb, Cherokee, na wateja wako wa sasa akiwemo daktari wa meno. Bahati mbaya ndiyo sehemu yenye riziki yako. Ile ya Marekani nzima inaonekana kubwa kwa macho lakini hukuwa na mpango wa kwenda Phoenix.

Moja zaidi: kampuni ndiyo yenye mzigo wa kueleza na kuthibitisha maslahi halali inayoyalinda. Sheria inayataja: siri za biashara, uhusiano na wateja maalumu, sifa ya jina katika eneo fulani, mafunzo ya pekee. Kumfundisha mtu kupiga deki na kuchanganya dawa ya sakafu sioni kama ni mafunzo ya pekee, na nikisoma wakiandika hivyo huwa naudhika, maana wanawake wetu walikuja wakiyajua hayo tangu utoto. Lakini uhusiano na wateja na sifa ya jina, hapo wana hoja. Usijidanganye.

Habari ya Texas nitairudia, nina mtu mezani.

Masudi_Omaha

Shikamoo Bi Saumu. Mama Neema, mimi ni Mkongo, niko Omaha, Nebraska, na niliwahi kuwa na franchaizi ya usafi. Sitaeleza ya kwangu, nataka kueleza kesi ya hapa ambayo wafanya usafi wengi tunaijua, kwa kuwa kifungu kile kinafanana na chako kama mapacha.

Ilikuwa kesi ya Jani-King ya Omaha dhidi ya mmoja wa waliokuwa na franchaizi yake. Kifungu kilikuwa na sehemu mbili: miaka 2 asifanye usafi katika eneo lake mwenyewe, na mwaka 1 asifanye katika eneo lolote lenye franchaizi ya Jani-King. Ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Nebraska, na Januari 2015 ikaamua. Ile sehemu ya pili ilionekana imezidi. Kampuni ikasema sawa, ikateni hiyo, tubakizieni ya kwanza, maana yeye alikuwa anafanya kazi humu humu katika eneo lake. Mahakama ikasema hapana. Kurekebisha vifungu si kazi yake, na sehemu zile mbili ni sharti moja, haligawanyiki. Likaanguka lote. Yule mtu akaendelea na kazi.

Sisi tulifurahi sana. Lakini furaha haikukaa. Mwaka uliofuata, 2016, bunge la Nebraska lilibadilisha sheria ya franchaizi, na sasa kwa mikataba mipya hakimu au msuluhishi akikuta kifungu kimezidi anatakiwa akirekebishe. Kwa franchaizi tu! Mfanyakazi wa kuajiriwa bado ana ile kinga ya zamani, kifungu kibovu kinatupwa. Sisi tulioweka akiba zetu na kukopa ndio tulioondolewa. Mimi hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu mfanya usafi mwenye franchaizi, ukimtazama saa saba za usiku akiwa na mfuko wa takataka mgongoni, ana nguvu gani kuliko mwajiriwa?

Ndiyo maana ushauri wa mtu wa jimbo lingine usiubebe mzimamzima. Ukisoma ile kesi kwenye mtandao ukaishia 2015, utadhani umeshinda.

MamaNeema_Marietta

Ahsanteni sana. Bi Saumu, nimepiga mstari kama ulivyosema na nimeona mwenyewe kwamba sentensi inabaki nzima. Imeniumiza lakini afadhali nijue.

Naomba niulize kwa ufupi. Moja, nikihamia kaunti ya Gwinnett, upande wa Lawrenceville, ambako wifi anakaa? Ni ndani ya maili 50. Mbili, nikiacha maofisi nikafanya nyumba za watu? Kampuni haifanyi nyumba kabisa. Tatu, nikiandikisha kampuni kwa jina la mume wangu? Yeye hakusaini chochote. Nne, huyo daktari. Yeye ndiye anayenitaka, sikumfuata mimi.

BiSaumu_Decatur

Marahaba mwanangu Masudi, na ahsante kwa hiyo kesi. Umesema vizuri kuliko ningesema mimi.

Mama Neema, naanza na la mume, maana ndilo linalowapeleka watu pabaya. Mtu ambaye hakusaini, mkataba haumfungi kwa sababu tu umemtaja. Lakini wewe umesaini, na kifungu chako kinakukataza kumiliki, kufadhili na kuajiriwa. Kampuni ikiwa ya mume kwa karatasi na funguo za kliniki ziko mfukoni mwako, aliyevunja ni wewe. Na hakimu akishahisi kwamba mmejificha, ile huruma ambayo ingekusaidia kwenye mambo mengine inaondoka. Usifanye.

Gwinnett imo ndani ya (b) peke yake. Ikiwa (b) itakatwa, na naamini itakatwa, Gwinnett iko huru. Hapo ndipo ningeanzia kama ningekuwa wewe. Hakikisha tu kwamba mteja wako wa Gwinnett si mtu uliyemhudumia chini ya jina lao, na kwamba hutangazi Cobb.

Nyumba za watu: kifungu kinasema "usafi wa aina yoyote". Nimeeleza eneo na muda, sikueleza aina ya kazi, na hiyo nayo inapimwa. Kampuni isiyosafisha nyumba haina mteja wa nyumbani wa kulinda. Wakili wako anaweza kuomba maneno "ya aina yoyote" yakatwe au yasomwe kwa kiwango cha kazi wanayofanya. Ni hoja nzuri. Soma lakini kile kitabu cha maelezo walichotakiwa kukupa siku 14 kabla hujasaini; kama kimeandika kwamba wanaweza kuanza huduma ya majumbani, watakitumia.

Daktari wa meno. Hapa sina habari ya kukufurahisha. Kifungu chako hakisemi usimfuate, kinasema usimhudumie. Kwa hiyo kwamba yeye ndiye aliyekuomba hakubadilishi kitu kwenye maandishi, ingawa wakili atalitumia kuonyesha kwamba kifungu kimezidi. Tazama pia mkataba wa kampuni na daktari mwenyewe, kama unamkataza kuajiri aliyekuwa na franchaizi. Usimwandikie ujumbe wowote sasa. Usichukue orodha ya wateja, wala namba za kufungulia milango, wala bei. Kesi nyingi za namna hii zinaamuliwa mwanzoni kabisa, kwenye ombi la amri ya zuio, na jaji anaposoma ombi hilo kitu cha kwanza anachokiona ni ujumbe wa simu ulioutuma ukiwa bado ndani ya mkataba. Biashara ya watu wanne haiwezi kukaa bila kazi ikingojea kesi kamili. Zuio likitoka, kwa vitendo umeshashindwa hata kama hapo baadaye ungeshinda.

Sasa Texas. Sheria ya Texas haisemi hakimu "anaweza", inasema lazima akirekebishe kifungu kilichozidi. Kwa hiyo kule mhasibu wako hana pa kushika kabisa. Ila ina kinga moja: kifungu kikishahitaji kurekebishwa, kampuni hailipwi fidia kwa yaliyotendeka kabla ya marekebisho, inapata zuio la mbele tu. Kwa mtu mwenye dhamana binafsi, hilo si jambo dogo.

Lakini je, Texas itatumika? Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Georgia, katika kesi ya Motorsports of Conyers, ilisema mahakama za Georgia zisikubali moja kwa moja sheria ya jimbo jingine iliyochaguliwa na mkataba. Kwanza kifungu kipimwe kwa sheria ya Georgia. Kikishindwa hapa, sheria ya kigeni hailetwi kukifufua. Hiyo inakusaidia ukiwa mbele ya hakimu wa Cobb. Kampuni ikiwahi kufungua kesi Dallas, hakimu wa kule hafungwi na uamuzi huo. Kwa hiyo muulize wakili swali hili hasa: je, nifungue mimi kwanza hapa Georgia, kuomba mahakama itamke haki zangu kabla sijaanza kazi? Na mkataba unataja mahakama za Dallas, au sheria ya Texas tu? Au kuna msuluhishi? Hayo ni mambo matatu tofauti na watu huyachanganya.

Na kabla ya yote hayo, zungumza nao. Kampuni inajua kama wewe unavyojua kwamba (b) ni dhaifu na kwamba miaka 5 ina kasoro. Omba barua ya makubaliano: wewe huwagusi wateja wao kwa miaka 2, wao wanakuachia Gwinnett na usafi wa nyumba, na wanaandika kwamba hawatadai zaidi. Nimeona barua za namna hiyo zikisainiwa. Wakikubali, umepata uhakika ambao hakuna kesi itakayokupa kwa bei hiyo. Wakikataa, umejua mapema.

Kioko_NRB

Nafuatilia nikiwa Nairobi. Bi Saumu, nami napewa mkataba wa franchaizi ya chakula, miaka 2 baada ya kuondoka, Afrika Mashariki nzima. Huku kwetu nako hakimu anakata?

BiSaumu_Decatur

Kaka Kioko, Kenya ina sheria yake ya mikataba inayozuia biashara, Sura ya 24. Inaanza kwa kusema kifungu cha namna hiyo si batili kwa sababu tu kimo kwenye mkataba. Halafu inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kukitangaza batili, ikitazama aina ya biashara, muda, eneo na mazingira yote, kama kinampa mwenzako ulinzi kupita anaostahili au kinaudhuru umma. Sheria hiyo inazungumzia kutangaza batili. Haina maneno ya kupunguza kama ya Georgia. Na usisahau kwamba wewe bado hujasaini, na hapo unamzidi Mama Neema mbali. Mwambie mwenye jina aandike miji ambayo duka lako litakuwapo, aifute Afrika Mashariki. Kama ana duka Nairobi tu, hana cha kulinda Bujumbura.

MamaNeema_Marietta

Nimeutafuta tena mkataba usiku huu baada ya kazi. Umeandika sheria ya Texas, na kesi zifunguliwe "katika mahakama zenye mamlaka", Dallas haikutajwa. Msuluhishi hayumo. Na nimeona kitu sikuwahi kukisoma: nisipotaka kurefusha natakiwa kutoa taarifa kwa maandishi siku 180 kabla, kwa barua ya kusajiliwa, la sivyo unajirefusha wenyewe mwaka mmoja mmoja.

BiSaumu_Decatur

Piga hesabu ya hizo siku 180 leo hii, kabla ya kulala, na uweke tarehe kwenye kalenda ya simu yako na ya wifi. Kama bado hujazipita, barua hiyo iende wiki hii, sentensi mbili tu: sirefushi, mkataba unaisha tarehe fulani. Usitaje daktari, usitaje kampuni mpya, usieleze sababu. Kama zimeshapita, usiwaandikie chochote kabla wakili hajasoma hicho kifungu.

Kwa wakili nenda na vitu hivi: mkataba wenye viambatisho vyote, kitabu cha maelezo (mwonyeshe jedwali la sehemu ya 17, ndipo walipotakiwa kuorodhesha vifungu vya kutoshindana), karatasi za makato za mwaka mzima, na orodha ya mahali ulipofanya kazi kwa kaunti. Mwulize yeye mwenyewe amewahi kusimamia kesi za franchaizi chini ya sheria ya 2011. Akikujibu kwa sentensi moja tena, tafuta mwingine.

Niandikie hapa tarehe ikishajulikana.